Siku Namalwa Alipoomba Mlango

Mwomba mlango huletewa ukoo.

Vijana wa boma la Kukhu Nabwile, bibi yao, waliusikia msemo huo asubuhi, siku ya tatu ya matanga. Nekoye, mmoja wao, alikuwa ametumwa kwa jirani kuazima sufuria moja ya kupikia wageni. Alirudi na sufuria, na nyuma yake wakaja wanawake wa nyumba kadhaa, wamebeba kuni, maji na ndizi. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi kando ya ukuta akautamka msemo huo, na watu wakacheka, hata wenye msiba. Alasiri kazi zilipopungua, vijana wakamfuata Kukhu Nabwile alipokuwa akichambua maharagwe. Wakataka kujua ni mlango gani huo, na ukoo ulikuwa wa nani.

"Kuna semi zilizotungwa na watu waliokaa wakafikiri," Kukhu akawaambia. "Huu haukutungwa. Huu uliangushwa na mvua ya mawe. Ngojeni niwaeleze ulivyoanguka."

Akasimulia hivi.

Katika miteremko ya Mlima Elgon, upande wa Bungoma, aliishi mwanamke aitwaye Namalwa, mjane wa Kundu. Kundu alikuwa fundi wa mapaa, na alipenda mwanga kama watu wengine wanavyopenda pombe. Nyumba yoyote aliyoijenga, lazima angetafuta mahali pa kulitoboa giza. Nyumba yake ya mwisho ilikuwa ya vifaranga, nayo aliijenga nyuma ya nyumba aliyoishi na mkewe. Paani aliweka vioo viwili vipana, kila kimoja ndani ya fremu ya mbao, vilivyotoka katika jumba kuukuu lililobomolewa huko Kitale. Majirani walimcheka, wakasema Kundu amewafungulia kuku dirisha la kumchungulia Mungu. Kundu akawajibu kwamba kifaranga anayeliona jua hula vizuri, na kwamba hata Mungu hachukii kuchunguliwa.

Kazi ile aliifanya pamoja na Namalwa. Yeye ndiye aliyeshika ngazi, akapandisha misumari, akakaa upande wa pili wa fremu mumewe alipokuwa akipiga nyundo. Ilipokwisha walikaa ndani, juu ya gunia, wakatazama mawingu yakipita. Baada ya hapo Kundu akaugua, na hakuinuka tena.

Alizikwa msimu wa mvua. Mito ilikuwa imejaa, na kaka yake mkubwa, Wepukhulu, aliyekuwa safarini, hakuweza kuvuka. Walimngoja, wakamngoja, mpaka mwili ukawa hauwezi kungoja tena. Ndipo Namalwa akakubali mumewe azikwe. Wepukhulu alifika kesho yake, akakuta udongo umeshasawazishwa. Alisimama kando ya kaburi kwa muda mrefu, kisha akaondoka bila kumuaga mtu. Tangu hapo hakukanyaga kwa Namalwa, na kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa mkubwa wa mlango wao, wengine nao wakapunguza miguu.

Namalwa akajua kwamba amehukumiwa. Hakulalamika kwa mtu. Ila njia ya kwenda kisimani ilipita mbele ya nyumba ya Wepukhulu, naye akatafuta njia nyingine, yenye miiba.

Hapa lazima nanyi mlikumbuke jambo moja. Kwetu mlango ni ubao wa kufungia nyumba. Mlango tena ni watu, wale wa babu mmoja, waliotokea katika nyumba moja. Tukisema fulani ni wa mlango wa fulani, hatuzungumzii mbao. Na pale kwao palikuwa na desturi: mjane akilemewa na jambo zito, alikuwa na haki ya kuomba mlango. Alituma neno hilo tu, bila maelezo. Likishafika, hakuna aliyekataa. Wanaume walibeba vigoda vyao vya kukalia, wazee wakavaa makoti, wanawake wakafunga vitambaa, wakaenda wote kumsikiliza. Hata aliyenuna alinyanyuka akaenda na mnuno wake. Namalwa hakuwahi kuomba mlango. Alisema moyoni, nitawaitaje watu walionipa kisogo?

Badala yake alijiunga na wajane wenzake wa mlimani. Wakaanzisha kikundi cha kufuga kuku, na kwa kuwa nyumba ya vifaranga iliyokuwa nzuri kuliko zote ilikuwa ya Namalwa, vifaranga wa kikundi kizima waliletwa kwake. Wangetunzwa pale mpaka wapate nguvu, kisha kila mjane achukue wa kwake. Ilikuwa kazi ya kwanza kwa wanawake wale kuifanya bila kumuuliza mwanamume yeyote, na mlima mzima ulikuwa ukiitazama. Wengine waliwatakia heri. Wengine walikuwa wameshaandaa cha kusema siku vifaranga watakapokufa.

Siku mbili kabla ya kuwagawa, mvua ya mawe ikaja.

Ilianza alasiri, kwa mlio kama mtama unaomwagwa juu ya debe. Punde ikawa si mtama tena. Namalwa alikuwa ndani ya nyumba ya vifaranga, akichochea makaa katika jiko la kuwapashia joto, kioo cha kwanza kilipopasuka juu yake. Alijirusha ukutani. Kioo cha pili kikafuata. Mawe ya barafu yakaanguka pamoja na vipande vya kioo, na vifaranga wakakimbilia pembeni, wakapandana kama unga uliosukumwa na ufagio.

Mawe yalipokoma, Namalwa akatazama juu. Matundu mawili, kila moja likitosha mtu kupita amelala. Mvua ilikuwa imepumzika tu. Juu ya mlima wingu lilikuwa jeusi, na upepo ulikuwa ukilileta.

Akajaza kapu vifaranga, akakimbia nao kuelekea nyumbani kwake. Upepo wa baridi uliwapiga njiani, na alipolifungua kapu jikoni wawili walikuwa wameshalegea shingo. Hapo akatambua kwamba hawahamishiki. Vifaranga hawawezi kulifuata paa, ni paa litakalowafuata wao. Basi akawarudisha wenzao kwenye jiko lao, akawaza: ni kitu gani nilicho nacho kilicho kipana, kigumu, na cha kipande kimoja?

Akageuka akautazama mlango wa nyumba yake.

Wakati huo alikuwa akipita Khaoya, muuza maziwa, akiisukuma baiskeli yake yenye madebe. Mtu huyu aliijua habari ya kila nyumba mlimani, na kwa kawaida aliongea mpaka maziwa yakaganda njiani. Alimkuta Namalwa akizing'oa bawaba kwa patasi ya marehemu.

"Mama, unahama?" Khaoya akauliza.

"Shika huku, Khaoya. Utauliza baadaye."

Waliupandisha mlango kwa kamba, Khaoya akisukuma kutoka chini na Namalwa akivuta kutoka juu. Namalwa alifanya kama alivyomwona mumewe akifanya. Aliinua kidogo bati la upande wa juu, akaisukumiza ncha ya mlango chini yake, na ncha ya upande wa chini akailaza juu ya bati lililofuata, ili maji yateremke bila kupata pa kuingilia. Kisha akaupigilia misumari kwenye mbao za fremu. Tundu moja likazibika.

Likabaki la pili, na nyumba ya Namalwa haikuwa na mlango mwingine.

"Pita kwa Mulongo seremala," akamwambia Khaoya kutoka juu. "Karakana yake haikosi milango. Mwambie Namalwa anaomba mlango. Asiulize lolote, aje upesi kabla mvua haijarudi."

"Anaomba mlango, asiulize, aje upesi," Khaoya akarudia, akaipanda baiskeli. Siku hiyo, kwa mara moja katika maisha yake, alikuwa na haraka. Maziwa yalikuwa ya arusi.

Namalwa akabaki paani. Alitandaza gunia juu ya tundu, akalalia ukingo mmoja ili upepo usilipeperushe, akalishikilia kwa mikono upande wa pili. Matone yakaanza. Gunia likalowa, likawa zito, likaanza kudondosha. Chini yake alisikia sauti za vifaranga, nyembamba, nyingi, zikimjia kupitia katika nyuzi. Akawa anatazama barabara ya sokoni, akimtafuta mtu mmoja aliyebeba mlango kichwani.

Alichoona kikamtia baridi kuliko mvua. Ulikuwa ni msururu wa watu. Mbele alitembea Wepukhulu, amevaa koti lake zito na kofia, fimbo mkononi. Nyuma yake wazee wengine wa makoti, na vijana, na wanawake waliofunga vitambaa. Wanaume wote walikuwa na vigoda. Mulongo seremala alikuwa miongoni mwao, naye kabeba kigoda, hana mlango.

Namalwa akaona kwamba siku aliyoiogopa imefika. Wamekuja kunihukumu, akasema moyoni, na wameichagua siku hii.

Waliingia uani. Waliiona nyumba isiyo na mlango, wakanong'onezana. Wepukhulu akavua kofia, akainua uso.

"Mke wa Kundu," akasema, "tumefika."

Namalwa akainua kichwa, gunia likiwa bado mikononi. Akauliza lile lililokuwa kinywani. "Mmekuja na mlango?"

Watu wakatazamana.

"Tupo wote," akasema Wepukhulu. "Hata mzee Sitati mwenye miguu mibovu amekuja. Huu ndio mlango, mzima."

"Watu nawaona, shemeji. Mimi nauliza mlango."

"Kwani sisi tunaonekana kama madirisha?" akauliza Nanjala, mke wa Wepukhulu.

"Wa mbao," Namalwa akasema. "Niliomba mlango wa mbao, mama. Wa kuziba hapa."

Mvua ikapiga juu ya makoti. Kisha macho yote yakamgeukia Mulongo.

"Khaoya hakushuka hata kwenye baiskeli," Mulongo akajitetea. "Alipaza sauti barabarani, Namalwa anaomba mlango, usiulize, nenda upesi. Akapotea na maziwa yake. Mimi nikatupa randa, nikakimbia kwa mzee."

"Ulikuwa umekaa katikati ya milango," akasema Nanjala. "Mmoja umeuegemea, mwingine uko mapajani mwako. Na mbao hazikukujia akilini?"

"Mjane wa mlango akiomba mlango, wewe ungefikiria mbao?"

Nanjala akakitazama kigoda cha mumewe. Hakuna hata mmoja pale ambaye angefikiria mbao.

Ndipo mawe yakaanza upya, machache, yakiruka juu ya mabati. Wepukhulu akaitazama nyumba ya vifaranga. Akamtazama shemeji yake aliyelala kifudifudi paani, maji yakimtiririka nyweleni, akishikilia gunia kwa vidole vilivyokuwa vyeupe. Akaiegemeza fimbo yake ukutani.

"Tuliitwa," akasema. "Tumeitwa vibaya au vizuri, tumeitwa. Ingizeni vigoda ndani."

"Tukae?" mzee Sitati akauliza.

"Tusimame juu yake."

Akawaita vijana wawili wenye mbio. "Nyinyi nendeni kwangu mkang'oe mlango wangu wa mbele. Kwangu ni karibu kuliko karakana."

"Ule wa mvule?" Nanjala akauliza. "Na sisi tutalalaje?"

"Kama anavyolala Namalwa. Wake si ule pale juu?"

Nanjala akautazama ule mlango uliopigiliwa paani. Alifungua kitambaa chake kichwani, akawapa wale vijana wakafungie bawaba zisipotee.

Wazee wakaingia. Walivipanga vigoda chini ya tundu, wakapanda juu yake, wakavua makoti, wakayaunganisha vifungo kwa vifungo, wakayainua kwa mikono yao yote. Upande mmoja waliushusha, na maji yakateremka kwenye makoti mpaka katika debe ambalo wanawake walilishika, na debe likijaa wakalimwaga nje na kuleta jingine. Gunia likamponyoka Namalwa, likaruka na upepo, lakini ndani halikuingia tone penye jiko. Wanawake wengine walichutama kulizunguka, wakawakinga vifaranga kwa sketi zao na kuyapuliza makaa.

"Koti hili nimelivaa nije nitoe hukumu," mzee Sitati alisema. "Sasa linahukumiwa lenyewe."

"Inua bega, mzee. Unatunyeshea."

"Kuna kifaranga ameingia ndani ya suruali yangu."

"Mwache. Huyo amepata nyumba iliyo kavu kuliko zote."

Namalwa alisikia vicheko hivyo kutoka juu, vikimjia kupitia tundu pamoja na joto la makaa. Tangu azikwe Kundu, hakuna mtu aliyewahi kucheka ndani ya nyumba ile. Alifuta uso, na hakuna aliyejua alifuta nini, kwa maana mvua ilikuwa nyingi.

Mlango wa Wepukhulu ukafika, mabegani mwa wale vijana, mzito na mweusi kwa maji. Mulongo aliukagua haraka, akauliza kama auchonge kidogo ukae sawa, maana ulipita fremu kwa upana wa kiganja.

"Usiuchonge," Namalwa akamwambia. "Ukipita ni bora. Maji yataangukia mbali."

Sasa yeye ndiye aliyeamuru, na mlango mzima ukamtii. Wauinue upande wa mlima kwanza. Wasikanyage katikati ya bati, wakanyage penye misumari, palipo na mbao chini. Waifiche ncha ya juu ndani, ya chini waiache nje. Wepukhulu mwenyewe alipanda ngazi, akasimama akiwa amejaza mdomo misumari, akimpa mmoja mmoja. Namalwa akapiga. Upepo uliinua ubao mara moja, wanaume wawili wakaulalia, naye akaendelea kupiga mpaka msumari wa mwisho ukazama. Walipitisha kamba juu, wakaning'iniza jiwe kila upande.

Chini, wazee wakayashusha makoti polepole, kama watu wasioamini. Wakangoja. Mvua ya mawe iliyokuwa ikitishia ikaja yote kwa mara moja, ikayapiga mabati, ikaipiga ile milango miwili, na milango ikajibu kwa sauti nzito kama ngoma. Hapakuingia tone. Nanjala alikuwa wa kwanza kupiga vigelegele, wanawake wakampokea, na vifaranga kwa woga wakapiga kelele nao, hata haikujulikana nani anashangilia na nani anaogopa.

Namalwa na Wepukhulu walikuwa wameteremka, wamejibanza chini ya upenu.

"Kwa nini hukutuita siku zote hizi?" Wepukhulu akauliza.

"Nilidhani umenikasirikia. Nilimzika ukiwa njiani."

Mzee yule akatema msumari uliokuwa umebaki mdomoni, akaugeuzageuza kiganjani.

"Nilijikasirikia mimi niliyechelewa," akasema. "Nikaona haya kuja bila kuitwa. Nikasema ataniita. Kila nilipoona mtu akija njiani, nikasema huyu analo neno la Namalwa. Mke wangu akaniuliza mbona siku hizi sitoki. Nilikuwa nangoja."

"Na mimi nilipita kwenye miiba."

"Tuliiona hiyo njia yako. Nanjala alitaka kwenda kuifyeka, nikamkataza, nikasema atadhani tunamchokoza."

Namalwa akacheka, na alipoanza hakuweza kuacha, na kicheko kikageuka kuwa kilio alichokuwa hajakilia mbele ya watu wa mumewe. Wepukhulu hakumnyamazisha. Alisimama upande wa upepo ili usimfikie, mpaka akamaliza.

Jumamosi wajane walikuja na makapu yao. Kila mmoja aliondoka na vifaranga wake, na waliokuwa wameandaa maneno wakayameza. Kwa muda mrefu nyumba mbili pale mlimani zilifungwa kwa magunia, moja ya mjane na moja ya mzee wa mlango. Wageni walimuuliza Wepukhulu kama ameibiwa, naye aliwaonyesha paa la shemeji yake kwa fimbo, akiwa amejaa fahari kama mtu anayeonyesha ng'ombe.

Aliyeteseka ni Khaoya. Kila alikopita walimtania, wakamwita mtu wa kutumwa maji akaleta mto. Mwanzoni alinuna. Halafu siku moja sokoni, Mulongo alipomcheka mbele ya wateja, Khaoya akashusha debe lake chini, akasema, "Nyinyi mnacheka nini? Kwangu mimi, mwomba mlango huletewa ukoo." Watu wakacheka, lakini neno lile wakaenda nalo nyumbani.

Kukhu Nabwile akayapepeta maharagwe yake. Nekoye, ambaye hapendi jambo libaki nusu, akauliza, "Kukhu, na kama Khaoya angeufikisha ujumbe vizuri?"

"Namalwa angepata ubao mmoja."

Kule uani wale wanawake wa jirani walikuwa bado wapo, hakuna aliyewaambia wabaki. Kukhu akawatazama, na kwa mara ya kwanza tangu msiba uingie uso wake ukalegea.

"Mtu akizidiwa aombe, hata kidogo, hata kwa kukosea," akasema. "Asikae akisema wamenipa kisogo. Mwomba mlango huletewa ukoo."